Kumpisha Mgonjwa Kiti: Maradhi Yasiyoonekana Ndani ya Daladala

Asubuhi ya siku ya kliniki huanzia kituoni. Kabla jua halijachomoza, vituo vya Chanika, Kivule na Bunju huwa vimekwisha kujaa watu wanaoingia katikati ya jiji la Dar es Salaam, na miongoni mwao wamo waliokumbatia kadi za kliniki na bahasha za vipimo. Wakazi wa jiji hilo wana mbinu ya kupata kiti waiitayo kugeuza: abiria hupanda gari linaloelekea kule asikokwenda, akalipa nauli mpaka mwisho wa njia, akabaki kitini gari likigeuza, kisha akalipa tena nauli ya safari yake. Mwenye afya hugeuza ili asibanwe. Mgonjwa wa moyo hugeuza kwa kuwa anajua hawezi kusimama saa nzima. Asipokuwa na nauli ya mara mbili, hushika bomba kama wengine, akafika hospitalini amechoka kiasi kwamba kipimo cha shinikizo la damu kinachochukuliwa pale mapokezi huwa kimechanganya ugonjwa na safari.

Adabu ya kumpisha mtu kiti haikuletwa na tangazo lolote. Mtoto hufundishwa nyumbani kwamba mkubwa akiingia, yeye huinuka. Na mafunzo hayo yameingia ndani ya daladala bila kuandikwa popote. Mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mimba kubwa, mama mwenye mtoto mgongoni na asiyeona aliyeshikwa mkono hupishwa mara nyingi, hata katika gari ambalo kondakta na abiria wametoka kugombana kuhusu chenji. Tena aliyeketi hutimiza wajibu mwingine ambao wageni huustaajabia: humpakata mtoto wa mtu asiyemjua, humpokea mwanafunzi begi lake, hushika kikapu cha mama aliyesimama mbele yake mpaka ashuke.

Kwa hiyo malalamiko kwamba adabu imekufa, ambayo kila kizazi huyatoa dhidi ya kinachokifuata, hayagusi kiini cha tatizo. Adabu ipo, ila inasoma mwili kwa macho: mvi, tumbo, mkongojo. Maradhi mengi yanayomzuia mtu kusimama hayana mvi wala mkongojo, na baadhi yake huwapata zaidi watu ambao, kwa kanuni hiyo hiyo, hutakiwa kuwa wa kwanza kuinuka.

Damu inapoteremka miguuni

Mtu anapoinuka kutoka kitandani au kitini, uzito wa dunia huvuta takriban nusu lita ya damu, na wakati mwingine zaidi, kutoka sehemu za juu za mwili hadi kwenye vena za miguu na za tumbo. Damu inayorudi moyoni hupungua ghafla, na shinikizo huanza kushuka. Ndani ya sekunde chache, vipokezi vilivyomo kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingo na kifua huupasha ubongo habari hiyo. Ubongo huamuru moyo upige haraka zaidi na mishipa ijikaze. Mwenye afya hajui kwamba lolote limetokea.

Ubongo una msaidizi huko chini, nayo ni misuli ya vigimbi. Kila hatua mtu anapopiga, misuli hiyo huzikamua vena, na vali zilizomo ndani ya vena huzuia damu isirudi chini. Ndiyo sababu mtu anaweza kutembea kutoka Kariakoo hadi Posta asione shida, lakini askari kijana mwenye nguvu akaanguka kwenye gwaride kwa kusimama wima bila kutikisika. Kusimama tuli ni kazi nzito kuliko kutembea, ingawa kwa nje inaonekana kuwa ndiyo nyepesi.

Daladala lililojaa hukusanya karibu kila kitu kinachoipinga kazi hiyo. Abiria amebanwa hawezi kusogeza mguu, hivyo vigimbi havikamui. Joto limetanua mishipa ya ngozi, na damu nyingine imeelekea huko. Jasho limepunguza maji mwilini. Mara nyingi mtu huyo hajanywa hata chai. Abiria mzima huvumilia yote hayo akashuka akiwa na uchovu tu. Lakini kuna ambao mfumo wao wa kujirekebisha umelegea: wazee, wenye kisukari cha miaka mingi ambacho kimeharibu mishipa ya fahamu inayoongoza moyo na mishipa ya damu, wanaotumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za tezi dume au za sonona, waliotoka kuharisha au kuugua malaria, na wanaotoka kuchujwa damu kwa sababu ya figo kushindwa kufanya kazi. Hawa wa mwisho wamelala karibu na mashine kwa takriban saa nne, wametolewa maji mwilini, na wengi hurudia zoezi hilo mara tatu kwa wiki. Safari ya kurudi nyumbani ndiyo saa yao ya hatari, kwa kuwa shinikizo huweza kushuka mara wanaposimama.

Kitaalamu husemwa kwamba shinikizo limeshuka kwa kusimama iwapo, ndani ya dakika 3 za kusimama, kipimo cha juu kimepungua kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au kile cha chini kwa milimita 10 au zaidi. Kipimo hicho hakihitaji mashine mpya. Kinahitaji mgonjwa alale au aketi kwa utulivu, apimwe, kisha asimame na kupimwa tena. Katika kliniki zenye foleni ndefu hatua ya pili huachwa, na mgonjwa anayelalamika kwamba "gari hunizungusha kichwa" huambiwa anywe maji mengi, aende zake.

Moyo uliodhoofika una kisa chake. Mwenye ugonjwa huo anaweza kuwa mnene, aliyevaa vizuri, asiyekohoa. Kinachomsaliti ni pumzi inayokata akizungumza sentensi ndefu, na viatu vinavyobana jioni kwa sababu miguu imevimba. Naye mwenye ganzi ya miguu itokanayo na kisukari hapati taarifa kamili kutoka kwenye nyayo zake kuhusu sakafu anayoikanyaga. Gari likienda sawasawa husimama vizuri. Dereva akikanyaga breki, yeye huchelewa kujishika. Kwa mzee mwenye mifupa iliyopungua uimara, anguko moja la namna hiyo hutosha kuvunja nyonga, na baada ya hapo kuna upasuaji, kulala kitandani kwa muda mrefu, na wengine hawarudi tena kutembea kama zamani.

Mimba ambayo bado haijaonekana

Wengi huamini kwamba mjamzito huhitaji kiti zaidi katika miezi ya mwisho. Miezi hiyo ina uzito wake, hilo halibishaniwi: kitovu cha uzito wa mwili kimesogea mbele, viungo vya nyonga vimelegea, tumbo linabana vena zinazorudisha damu kutoka miguuni. Lakini miezi mitatu ya kwanza ina taabu zake, tena haina ushahidi wa kuonekana. Kabla ya wiki ya 8 mishipa ya damu imekwisha kulegea, na moyo umekwisha kuanza kusukuma damu nyingi kuliko kawaida. Shinikizo huendelea kushuka mpaka kufikia kiwango chake cha chini kabisa karibu na katikati ya mimba. Kiasi cha damu mwilini huongezeka taratibu hadi takriban asilimia 40 au 50 juu ya kile cha awali, lakini ongezeko hilo huchukua miezi. Katika wiki za mwanzo mishipa imetanuka huku damu ya kuijaza ikiwa bado haijatosha. Ongeza kichefuchefu, harufu ya dizeli, na chakula kisichokaa tumboni, upate sababu ya mwanamke wa wiki ya 9 kuzirai ndani ya gari huku waliomzunguka wakidhani ana njaa.

Upungufu wa damu huzidisha hali hiyo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza ana upungufu wa damu ikiwa himoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita. Malaria, minyoo na lishe duni hufanya tatizo hilo kuwa la kawaida katika kliniki za Afrika Mashariki. Damu ikiwa nyepesi, moyo hulazimika kwenda mbio hata mtu akiwa amekaa, na akisimama huwa na akiba ndogo sana.

Kwa upande mwingine, mimba changa ni siri. Katika familia nyingi za pwani na za bara haitangazwi mpaka iwe imejitangaza yenyewe, kwa hofu ya kijicho na kwa kukumbuka kwamba mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi hiyo. Kumtaka mwanamke aeleze mbele ya abiria arobaini kwa nini anaomba kukaa ni kumtaka atoe habari ambayo pengine hata mama mkwe wake bado hajaipata.

Mwanafunzi aliyeinuliwa

Mtu wa mwisho kufikiriwa katika mpango wa viti ni mtoto aliyevaa sare ya shule. Yeye hulipa nauli ndogo kuliko ya mtu mzima, na katika magari mengi kondakta huhesabu kwamba kiti alichokalia mwanafunzi kimepata hasara. Agizo la "wanafunzi simameni, wapisheni watu wazima" husikika kila asubuhi, na abiria huliona kuwa ni malezi mema. Kwa watoto wengi ni hivyo kweli. Miguu ya miaka kumi na minne yenye afya haina haki ya kukaa mbele ya bibi wa miaka sabini.

Lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani ya watoto wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na matunzo yakiwa mazuri watoto hao hukua na kwenda shule. Himoglobini ya mtoto mwenye selimundu kwa kawaida huwa kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita, siku zote, hata siku anazosema kwamba hajambo. Kiwango ambacho kingemfanya mtu mzima aliyezoea damu ya kutosha ashindwe kupanda ngazi, yeye huenda nacho shuleni. Upungufu wa maji mwilini, uchovu uliokithiri na baridi ya ghafla ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa, ambayo huisha kwa kulazwa. Wengine, wakiwa bado vijana, kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kuanza kufa. Hao huchechemea kidogo, na wenzao hudhani wanaringa.

Ugonjwa huo una jambo jingine ambalo wasafiri hawawezi kulijua. Huchelewesha kukua na kubalehe. Msichana wa miaka kumi na sita anaweza kuonekana wa kumi na miwili. Hivyo katika gari linalopanga viti kwa umri wa kukadiria kwa macho, ugonjwa wenyewe humshusha daraja: kadiri unavyomdumaza, ndivyo anavyoonekana kustahili zaidi kusimama. Na kwa kuwa amelelewa vizuri, huinuka bila kusema neno. Mzazi hupata habari jioni, pale mtoto anapokataa chakula na kulalamika kwamba mapaja yanamuuma.

Hapa ndipo wahudumu wa kliniki za selimundu wangeweza kufanya jambo dogo lenye faida. Barua fupi yenye mhuri wa hospitali, isiyotaja ugonjwa, inayosema kwamba mwanafunzi huyu ana sababu ya kiafya ya kukaa safarini, haimlazimishi kondakta, lakini humpa mtoto ujasiri wa kuinyoosha. Mtoto hawezi kushindana kwa maneno na mtu mzima bila kuonekana mkosefu wa adabu, karatasi humsemea.

Kuomba, kupisha na kunyamaza

Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York aliwatuma wanafunzi wake kwenye treni za chini ya ardhi wakawaombe abiria viti bila kutoa sababu yoyote. Wengi walitarajia matusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba asilimia 68 ya walioombwa bila kupewa sababu waliinuka, au walisogea wakatoa nafasi. Walipopewa sababu hafifu, kwamba mwombaji anataka kusoma kitabu, kiwango kilishuka hadi asilimia 42. Jambo la kukumbukwa zaidi ni taabu ya waombaji wenyewe: wanafunzi walisita, wengine walishindwa kabisa, na Milgram alipojaribu mwenyewe maneno yalimkwama kooni, na baada ya kupewa kiti alijisikia mgonjwa kweli.

New York si Gongo la Mboto, na treni ile haina mpiga debe. Hata hivyo, kila mhudumu wa afya aliyewahi kumuuliza mgonjwa "Kwa nini hukuomba kukaa?" ameisikia taabu hiyo hiyo: "Niliona haya." Mgonjwa husubiri atambuliwe, na abiria aliyeketi husubiri kuombwa. Wote wawili wana nia njema, na safari huisha.

Miji mingine imejaribu kulitatua jambo hilo kwa alama. London ilianza kuwapa wajawazito beji ya kuvaa mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaongeza beji ya kuombea kiti kwa wenye maradhi na ulemavu usioonekana. Tokyo ilianzisha mwaka 2012 kadi nyekundu yenye msalaba mweupe na moyo mweupe, ambayo mwenye shida ya kiafya huining'iniza kwenye mkoba wake. Ni mawazo mazuri, lakini yanahitaji jamii nzima ifundishwe alama hiyo, na yanamtaka mgonjwa ajitangaze mchana kutwa. Kwa mwenye maradhi yanayonyanyapaliwa, alama kifuani ingekuwa adhabu. Maneno machache hugharimu kidogo zaidi.

Anayeomba anashauriwa amlenge mtu mmoja, amwangalie usoni, amtaje kwa jina la heshima na asieleze ugonjwa wake: "Kaka, samahani, naomba nikae, sijisikii vizuri." Mama mtu mzima atasema, "Mwanangu, nipishe nikae kidogo." Ombi linalotupwa hewani kwa gari zima halina mwenyewe, na kila mmoja humwachia mwenzake. Asiyeweza kumkabili abiria amwambie kondakta wakati wa kupanda, kabla ya kulipa: "Konda, naumwa, nitafutie pa kukaa." Makondakta hulaumiwa kwa mengi, mengine kwa haki, lakini wengi wao humpangia mgonjwa nafasi kwa sauti ambayo mgonjwa mwenyewe asingethubutu kuitoa.

Anayepisha naye ana utaratibu wake. Ni vyema asubiri gari litulie, maana kubadilishana nafasi huku gari likikata kona kumewaangusha wengi. Kisha ainuke kwanza ndipo aseme, "Mama, karibu ukae," au "Shikamoo mzee, karibu hapa." Kumuuliza mtu "Utakaa?" ukiwa bado umeketi ni kumwalika akatae. Mzee anayejibu "Nashuka hapo mbele, mwanangu" akaribishwe mara ya pili, kisha aachwe. Pengine kweli anashuka. Pengine magoti yake humuuma zaidi anapoinuka kutoka kiti kifupi kuliko anaposimama. Na mwenye maumivu ya uti wa mgongo yanayoshuka mguuni mara nyingi hupata nafuu akiwa amesimama. Heshima haina budi kumwachia mwenye mwili auamulie mwili wake.

Linalostahili kukomeshwa ni kumfokea aliyeketi. "Kijana mzima umekaa, mama amesimama!" ni kauli inayoungwa mkono na gari zima, na anayeambiwa huinuka kwa fedheha. Anaweza kuwa ndiye aliyetoka kuchujwa damu. Anaweza kuwa amejitolea damu asubuhi ile, chupa nzima ya takriban mililita 450. Anayetaka mama akae anaweza kutoa kiti chake mwenyewe, au akauliza bila kumnyooshea mtu kidole, "Jamani, nani anaweza kumpisha mama hapa?" Swali hilo humfikia mwenye nguvu na kumwacha mgonjwa bila kumuumbua.

Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwezi Mei 2016 yalileta faida kubwa: sakafu yake hulingana na jukwaa la kituo, hivyo mwenye kiti cha magurudumu na asiyeweza kukwea ngazi wanaweza kuingia. Lakini basi la namna hiyo limejengwa ili abiria walio wengi wasimame, na saa za msongamano mlango huwa wa mwenye mabavu. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004 zilikataza matatu kubeba abiria waliosimama, ingawa kanuni na barabara haziendi pamoja siku zote. Huko mgonjwa hupigania nafasi kabla ya kuingia. Kote kuwili, anayemshika mzee mkono na kumtanguliza mlangoni amefanya sawa na aliyempisha kiti.

Safari iulizwe kliniki

Mhudumu wa afya anayemuuliza mgonjwa "Umekuja na nini leo, na umekaa au umesimama?" hupata habari ambazo kipimo hakitoi. Mfano ulio wa kawaida sana ni kidonge cha kuongeza mkojo. Mgonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu hujua kwamba akikimeza alfajiri atahitaji choo kabla hajafika, na ndani ya daladala hakuna choo. Basi siku ya kliniki hukiacha. Hufika amesimama safari nzima, hajameza dawa, shinikizo liko juu; daktari huona dawa hazimtoshi na huongeza kipimo. Nyumbani mgonjwa humeza dozi mpya kila siku, shinikizo hushuka kupita kiasi, na mwezi unaofuata huzirai kituoni. Swali moja kuhusu safari lingefichua jambo zima. Kwa wengi, saa ya kumeza kidonge hicho inaweza kusogezwa mpaka baada ya kurudi nyumbani, lakini hilo liamuliwe na daktari, mgonjwa asijipangie.

Mwenye kisukari naye mara nyingi huja bila kula kwa kuwa aliambiwa atapimwa sukari ya kufunga. Akijidunga insulini au akimeza glibenklamidi kama kawaida yake, kisha akasimama saa mbili bila chakula, sukari inaweza kushuka mpaka achanganyikiwe. Jasho lake jembamba na mikono inayotetemeka hudhaniwa kuwa ulevi. Anayetakiwa kufunga aelezwe waziwazi ni dawa zipi asitumie mpaka atakapokula, na awe na kitu cha sukari mfukoni. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hakihitaji kufunga. Mhudumu anayekitumia amemwondolea mgonjwa mzigo huo.

Wanaotoka kuchujwa damu au kujitolea damu wasiharakishwe kwenda kituoni. Waketi kwanza, wanywe na kula walichoruhusiwa, wasimame taratibu. Atakayelazimika kusimama safarini anaweza kuviamsha vigimbi vyake kwa kunyanyua visigino na kuvishusha mara kwa mara. Kizunguzungu kikianza, apishanishe miguu na kukaza mapaja na makalio huku ameshika bomba. Misuli ikikazwa, damu hurudishwa juu, na dakika mbili hizo humtosha kuomba kiti. Wenye maumivu ya mifupa na wajawazito waepuke viti vya nyuma kabisa, ambako kila tuta la barabarani hupokewa na mgongo.

Abiria akizirai, msongamano wenyewe huwa adui. Watu humbana na kumsimamisha, au humketisha wima na kumpepea, kwa nia njema. Ubongo uliokosa damu huendelea kuikosa kwa sababu kichwa bado kiko juu. Gari lisimame, alazwe chali sakafuni au nje kivulini, miguu yake iinuliwe, nguo za shingoni zilegezwe. Akiwa mjamzito mwenye tumbo kubwa alazwe kwa ubavu wa kushoto. Asinyweshwe kitu mpaka azinduke na aweze kumeza. Aliyezirai kwa kusimama huzinduka ndani ya dakika moja au mbili akilazwa. Asiyezinduka, aliyepata degedege, aliyelegea upande mmoja au asiyepumua vizuri apelekwe hospitali bila kusubiri. Na asiyepumua kabisa aanze kukandamizwa kifua hapo hapo.

Wako pia ambao kiti hakiwatoshi. Mjamzito anayeumwa sana kichwa na kuona ukungu, au anayetokwa damu. Mwenye maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkononi au tayani. Mtoto mwenye selimundu aliyepata homa, au anayepumua kwa taabu: hawa hata wakipishwa viti vitatu hawafai kuachwa wafike mwisho wa njia. Kondakta aambiwe gari lipite kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na abiria wengine watachelewa.